Kambi ya likizo ya mwezi wa sita, kati ya Arusha na Moshi: geti limefaulu, bafu limefeli

Kambi hii iko kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukiiacha lami unapanda vumbi kidogo kuelekea upande wa mlima. Kila likizo ya mwezi wa sita inapokea watoto 60 wa miaka 7 hadi 14 kwa siku 10, kwa shilingi 450,000 kila mtoto. Jina tumeliacha makusudi. Wenye kambi wameshapewa orodha yao ya mapungufu, na mzazi anayesoma hapa anahitaji vipimo kuliko jina, kwa sababu kambi za namna hii zimejaa pande zote mbili za barabara hiyo.

Tumepima kitu kimoja tu: mtoto analindwaje asifanyiwe ukatili, hasa wa kingono, tangu anaposhushwa hadi anaporudishwa kwao. Makande ni matamu, uwanja una nyasi, mwalimu wa mpira anaijua kazi yake. Hayo yametosha.

Tuanze na panapostahili sifa, yaani getini. Kila mtoto ana kadi yenye majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao za simu, na neno la siri alilolichagua mzazi siku ya kuandikisha. Anayekuja anaonyesha kitambulisho cha NIDA au leseni, anataja neno, mlinzi anapiga simu kwa namba iliyo kwenye kadi, ndipo mtoto anaitwa. Namba anayoitoa mgeni palepale getini haipigwi. Kambi nyingi hukosea hapo. Bodaboda aliyetumwa na mama haondoki na mtoto hata akiwa na picha ya mtoto kwenye simu. Wala mtoto kumkimbilia mtu na kumkumbatia hakuhesabiwi kuwa uthibitisho, maana mtoto humkimbilia pia mjomba ambaye mama yake hataki hata kumsikia. Daftari la kaunta lina safu ya saa ya kuingia na safu ya saa ya kutoka, na hiyo ya pili imejazwa mstari kwa mstari. Aliyewahi kufungua madaftari ya mageti ya mjini hapa anaelewa kwa nini tunalitaja jambo dogo kama hilo.

Shida ni kwamba fedha ya ulinzi imeishia hapo getini. Tangazo linauza ukuta, kamera nane na mlinzi wa saa 24, kana kwamba hatari itaruka ukuta usiku ikiwa imevaa barakoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayemdhuru mtoto kambini kwa kawaida ana fulana ya kambi, watoto wanamwita jina la utani, na wazazi wana namba yake. Kamera nane zote zinatazama nje na maegesho. Kwenye njia ya kwenda vyooni hakuna hata moja. Ndani ya vyoo na mabafu haitakiwi kabisa, lakini njia ya kuelekea huko ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

Walezi ni wanane. Kila mmoja ana faili lenye barua ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho na fomu ya wadhamini wawili. Faili hilo limetengenezwa kumkamata mwizi. Mdhamini anaahidi kulipa kikipotea kitu, lakini hakuna mahali alipoulizwa kama amewahi kumwona huyu mtu akikaa na watoto. Kazi ya kulea inataka mengine: historia ya kazi isiyo na miezi iliyorukwa, na ikirukwa ielezwe, majina ya watu wawili wasio ndugu waliowahi kumsimamia, wapigiwe kwa namba ya ofisi ya shule au taasisi wala si ile aliyoiandika mwombaji, na swali moja lisilokwepeka, “Ungempa tena kazi ya kulala na watoto?” Anayejibu “ni kijana mzuri tu” bado hajajibu. Aulizwe mara ya pili, na jibu liandikwe kama lilivyotoka.

Cheti cha polisi cha tabia njema, kile kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, wanacho watatu kati ya wanane. Wote wawe nacho, lakini kisibebeshwe uzito kisichouweza. Kinaonyesha kilichoandikwa polisi, na mambo mengi ya watoto hayajawahi kufika polisi. Ni chekecheo la matundu makubwa.

Halafu kuna wageni wa kujitolea. Huku kwetu tumezoea kijana anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA Jumatatu na Jumatano yuko kwenye bwawa anafundisha watoto kuogelea. Kambi ina wawili, walioletwa na wakala aliyesema “tumeshawachunguza”, na kambini hakuna karatasi yoyote inayoonyesha walichunguzwa nini. Mlezi wa Tengeru anadaiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, mgeni kutoka ng'ambo anadaiwa tabasamu. Kambi inatakiwa kukishika yenyewe cheti cha polisi cha nchi anayotoka, kilichotolewa karibuni, pamoja na vibali vya uhamiaji na simu mbili za waliomsimamia. Hata akiwa navyo vyote, mtu wa wiki mbili halali bwenini na habaki peke yake na kundi.

Idadi ya walezi inaonekana nzuri kwenye karatasi. American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani kilichoanza mwaka 1910, kinashauri kambi za kulala ziwe na mlezi 1 kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, na mlezi 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14. Hapa watoto 24 ni wa miaka 7 na 8, waliobaki 36 ni wakubwa zaidi. Piga hesabu: walezi 4 kwa wadogo, 5 kwa wakubwa, jumla 9. Kambi inao 8, na mkurugenzi anaona pengo ni la mtu mmoja. Sivyo. Kila siku mmoja ana mapumziko, mmoja yuko mjini sokoni, na saa nane mchana, baada ya chakula, watatu wanakula na wawili wanaandaa michezo ya jioni. Anabaki mmoja kwa watoto 60. Mpishi, dereva na mlinzi hawahesabiwi kwenye uwiano hata kama wapo na wanapendwa. Hesabu ifanywe kwa saa, iandikwe kwenye ratiba: nani yuko na kundi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani anampokea. Saa nane hiyo imeandikwa neno moja tu, “kupumzika”, bila jina la mtu.

Sasa mabafu, ambako kambi imefeli kabisa.

Mwezi wa sita huku ni baridi, na mtoto wa miaka saba haogi maji ya bomba saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo maji yanachemshwa jikoni kwa kuni, na msaidizi wa jikoni anayabeba kwa ndoo za lita 20 hadi ndani ya bafu, anachanganya na ya baridi, anarudi kuchukua nyingine. Kwa watoto 60 hizo ni safari nyingi, na nusu yake anaingia watoto wakiwa wameshavua. Hakuna aliyepanga vibaya. Hakuna aliyepanga kabisa. Mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya walezi, ambaye simu za wasimamizi wake hazikupigwa kwa kuwa “ni wa jikoni tu”, ndiye mtu mzima mwenye ruhusa ya kuwakuta watoto uchi kila jioni, tena peke yake. Huenda ni mtu mwema kuliko wote kambini. Utaratibu unapangwa bila kutegemea wema wa mtu.

Dawa yake ni rahisi kuliko kamera moja. Pipa la lita 200 lenye koki liwekwe nje ya mlango wa bafu, chini ya paa, lijazwe na kuchanganywa kabla watoto hawajafika. Msaidizi akimaliza anarudi jikoni, ndipo kundi linaitwa. Kila mtoto anachota mwenyewe kwenye ndoo ndogo ya lita 10 isiyojaa. Walezi wawili wa jinsia ya kundi hilo wanasimama nje ya mlango, mahali wanapoonana na wanapowasikia watoto, na hawaingii ila kwa dharura, nao wakiingia wanaingia wawili. Kila bafu liwe na komeo la ndani linalofikiwa na mtoto mfupi, la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu mtoto akianguka. Sasa hivi makomeo mawili kati ya sita yamelegea, na watoto wanashikiana mlango. Wadogo waoge kwanza, wakubwa baadaye, bila kuchanganyika.

Hilo la kuchanganyika linahusu mabweni pia. Kambi inawalaza wa miaka 7 na wa miaka 14 chumba kimoja “ili wakubwa wawalee wadogo”. Nia ni ya kiukoo, ya nyumbani kwa bibi ambako binamu wote hulala mkeka mmoja, na haifai hapa. Mtoto naye anaweza kumdhuru mtoto mwenzake. Marekani, zaidi ya theluthi moja ya wanaojulikana na polisi kwa kuwadhuru watoto kingono ni watu ambao wenyewe hawajafika miaka 18. Watoto wagawanywe kwa umri, tofauti isizidi miaka miwili au mitatu kwa chumba, kila mmoja na kitanda chake. Huyo mdogo asiye na shuka nzito apewe blanketi badala ya kupelekwa kulala na kaka.

Bweni la wasichana lina matroni anayelala karibu na mlango, taa ya ukumbini inawaka usiku kucha, na kwenda chooni ni watatu watatu wakiwa na tochi. Vizuri. Bweni la wavulana halina mtu. “Wale ni wanaume,” ndiyo jibu lililotolewa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009, matokeo yakatolewa mwaka 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Weka wavulana 28 kwenye bweni hilo, halafu urudie tena kwamba wale ni wanaume.

Mlinzi anapita mabwenini saa nne, saa sita na saa nane usiku, dakika ileile kila siku. Anayetaka kujificha anahitaji siku mbili tu kuijua hiyo ratiba. Mizunguko ipangwe kwa kupishanisha saa, ifanywe na watu wawili, iandikwe. Funguo za bweni zisikae kwa mlinzi mmoja. Na jambo la kurekebisha leo, kabla ya kesho: bweni la wasichana linafungwa kwa kufuli la nje, na madirisha yana nondo. Mkoa wa Kilimanjaro hauhitaji kukumbushwa moto wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, uliowaua makumi ya wasichana ndani ya bweni. Ulinzi dhidi ya mtu mbaya usigeuke mtego wa moto. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani ambalo matroni na watoto wote wanajua kulifungua gizani.

Safari ya kwenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka imepangwa vizuri kwa upande wa maji: maboya, mwogeleaji mzoefu, watoto wawili wawili. Kwenye kubadilisha nguo haikupangwa. Pale ni mahali pa umma, kuna watalii, kuna simu na kamera kila upande. Watoto wavae nguo za kuogelea tangu kambini, chini ya nguo zao, na wabebewe khanga mbili za kuzungushia wakati wa kubadilisha. Usafiri wa kurudi majumbani nao una tundu la kawaida: Kosta inashusha watoto mmoja mmoja, mlezi anashuka Kijenge kwa sababu ndiko anakokaa, na mtoto wa mwisho wa Ngaramtoni anamaliza safari na dereva peke yao. Mlezi ndiye awe wa mwisho kushuka. Kama hilo haliwezekani, njia igeuzwe ili watoto wawili wa mwisho washuke kituo kimoja.

Kuhusu simu tutasema machache. Picha za kila siku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi huwafurahisha wazazi, lakini zinapigwa kwa simu binafsi za walezi, nyingine watoto wakiwa bwawani, jina kamili limeandikwa kwenye kadi ya shingoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haichukulii picha ya mtoto kuwa mali ya kambi. Simu moja ya kambi, ridhaa ya mzazi kwa maandishi, hakuna picha za bwawani wala bwenini, na picha zifutwe baada ya muda uliotajwa. Mlezi asiandikiane na mtoto faragha, wakati wa kambi wala baada yake. Mazoea mabaya huanza na “umefikaje nyumbani, rafiki yangu?” mwezi wa saba, wakati hakuna tena anayemwangalia mlezi huyo.

Kanuni ya watu wazima wawili ipo kwenye kitabu chao: hakuna mtu mzima kuwa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Wameinakili vizuri. Skauti wa Marekani pia wanayo, na bado Februari 2020 waliomba kinga ya kufilisika kwa mzigo wa madai ya watu waliodhulumiwa wakiwa watoto, madai ambayo baadaye yalizidi 80,000. Kanuni inakufa kwenye vighairi. Hapa vighairi viwili vilionekana wazi: chumba cha huduma ya kwanza, ambako muuguzi anafunga mlango “kwa heshima ya mtoto”, na mwalimu wa kuogelea anayewapa masomo ya ziada “wenye kipaji” saa ile ya kupumzika, na kuwanunulia soda. Mlango wa huduma ya kwanza ubaki wazi nusu na pazia livutwe, mtu wa pili akae nje. Masomo ya ziada yaandikwe kwenye ratiba, yawe ya watoto watatu au zaidi. Zawadi itolewe kwa wote, hadharani, au isitolewe. Hatumtuhumu mwalimu; tunaeleza kwamba mtu mwenye nia mbaya angefanya hatua hizohizo, kwa mpangilio huohuo, na hapa hakuna ambaye angeshtuka.

Somo la watoto la siku ya kwanza ni zuri. Linachukua dakika 25 kwa mchezo, na viungo vinatajwa kwa majina yake, uume, uke, makalio, badala ya “kule”. Wanafundishwa kutofautisha siri ya furaha, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na siri inayoumiza tumbo. Tungeongeza sentensi moja. Mtoto wa Kichaga au Kimeru amelelewa kuamkia na kutii. Aambiwe waziwazi kwamba aliyemwamkia shikamoo asubuhi anaweza kumkatalia jioni, na hatapigwa kwa hilo.

Lakini akishakataa aende kwa nani? Bango linasema: “Ukiwa na tatizo mwone Mkurugenzi.” Mwalimu wa kuogelea ni mdogo wake Mkurugenzi. Njia ziwe mbili ndani, mwanamke na mwanaume wasio ndugu, na moja ya nje: namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, ibandikwe ndani ya milango ya vyoo, ambako mtoto anaisoma bila kuonekana anaisoma. Na kuwe na simu anayoweza kuitumia.

Kosa kubwa kuliko yote limo kwenye fomu ya mzazi, kifungu cha mwisho: “Masuala yote yatatatuliwa ndani ya kambi.” Mzazi asisaini hicho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto imevunjwa wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Kambi haiwezi kuufuta kwa kalamu. Kifungu kinachofaa kinataja kinachofanyika: mtoto anasikilizwa na mtu mmoja tu, bila maswali ya kumwekea maneno mdomoni (“Nini kilitokea?”, siyo “Alikushika?”), bila kuahidiwa kwamba itakuwa siri, maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, na saa. Anayetajwa anaondolewa kwa watoto siku hiyohiyo, bila kukutanishwa na mtoto “waelewane”. Mzazi anapigiwa, isipokuwa yeye ndiye anayetajwa. Taarifa inakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii.

Kama ni kuingiliwa, hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya hapo. Mtoto asiogeshwe, hata kama kila mtu anaona ndiyo huruma. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaoza. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, itafuatiliwa, ila matibabu yasiisubiri. Wazee wa pande mbili wakianza kuitana ili yaishe nyumbani, kambi ijibu kwamba taarifa imeshafika polisi.

Uamuzi wetu kwa msimu huu: mtoto wa miaka 12 au 13 aliyefundishwa nyumbani anaweza kwenda, mzazi akishakata kifungu cha mwisho na kuandika 116 ndani ya begi. Wa miaka 7 na 8 waende kutwa tu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilielekeza bweni lisitishwe kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ingawa kambi si shule, mtoto ni yuleyule.

Kambi imejibu kuhusu kufuli (limeondolewa) na kuhusu makomeo (fundi anakuja). Kuhusu maji ya moto wamesema pipa ni ghali. Anayeandikisha mtoto kwa mwezi wa kumi na mbili aulize kwanza nani anabeba ndoo, halafu ndiyo aulize bei.